Henza za Mashua Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa klabu ya mashua aliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Siaya. "Basi wewe ni mtu wa ziwa, boti unazijua," akasema, akanikabidhi kwa Msimamizi. Mimi nilikua nikichunga ng'ombe, na ziwa nililiona mara mbili tu nikipita ndani ya basi. Sikubisha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu aliyetembea kutoka Kawangware hadi bwawa la Kibera kutafuta kibarua habishani na anayempa.

Msimamizi alikuwa mzee wa Makina, palepale Kibera, aliyefanya kazi bandarini Mombasa hadi akaota mvi. Mashua zetu zilikuwa ndogo, za watu wawili, lakini kamba zake zilitutoa jasho. Kuna henza, kamba ya kupandishia tanga, inayopita ndani ya mlingoti, ikazunguka kapi kule kileleni na kushuka tena. Kuna demani, ya kulivuta tanga au kulilegeza kufuata upepo. Jua na maji huzila zote mbili, kwa hiyo kila mwaka tulizibadilisha.

"Henza ya zamani usiivute mpaka mpya iishike mkia," aliniambia. "Na usifunge fundo. Fundo litakwama kwenye kapi, na huko juu hufiki."

Tulizishona ncha kwa ncha, kwa uzi uliopakwa nta, kisha tukavuta ya zamani polepole, nayo ikaingiza mpya. Nilijifunzia kwenye vipande vya kamba kuukuu, na kwa miezi mingi nilishona vibaya. Alikuwa akifumua na kunirudishia sindano. Iliniudhi kuliko kutukanwa.

Msimamizi alipostaafu, nilibaki peke yangu, na bado nilikuwa kibarua. Nikamwomba Katibu barua ya kuniajiri kama fundi. Akasema, "Wageni wanakuja kushindana Jumamosi. Boti zote sita zikiwa na kamba mpya, utapata barua." Nilichotaka hasa ni hilo neno, fundi. Miaka yote nilikuwa nikiitwa "wewe wa boti".

Sasa, kulikuwa na desturi pale. Kamba kuukuu zilikuwa za askari wa lango, Mutua, mtu wa Kitui aliyepanga chumba Silanga, karibu na bwawa. Wapangaji wote wa ploti yao walianika nguo kwenye henza zetu, na mbuzi wa jirani walifungwa kwa demani. Sikuona ubaya. Ijumaa asubuhi nikafika na sindano yangu, nikakuta milingoti yote sita mitupu, na kamba kuukuu zimekunjwa vizuri kando ya lango.

"Mutua, nani ametoa hizi kamba?"

"Ni mimi. Niliona mpya zimekuja jana, nikasema wacha nikupunguzie kazi."

"Na mpya nitaingiza aje?"

Akanyoosha kidole kileleni mwa mlingoti. "Si unapitisha tu hapo juu?"

Nilitaka kulia. Mtu akikuharibia kwa chuki, unajua la kumfanya. Huyu alikuwa ameamka mapema ili anisaidie. Tukaanza kung'oa milingoti na kuilaza chini, na watu waliokuwa wakipalilia sukuma wiki kando ya bwawa wakaja kutushikia. Nilifunga nati kwenye uzi mwembamba, tukainua mlingoti upande mmoja, nati ikateleza ndani na uzi wake, kisha uzi ukavuta kamba. Nati ilikwama mara mbili, na mara zote mbili Mutua alikuwa na ushauri. Nikamwambia anyamaze.

Katibu alifika saa nane, milingoti mitatu ikiwa bado chini. "Mpaka saa hii?" akauliza. Nikaeleza, hakusikiliza. Jumamosi mashua zote sita zilipandisha matanga, hakuna kamba iliyokwama, na barua haikuja. "Tutaona mwaka ujao," akasema.

Hilo la mwaka ujao nililisikia mara tatu. Wakati huo magugu maji yalikuwa yakisogea kutoka ukingoni. Tuliyang'oa kwa mikono, yakarudi. Barua ilikuja mwaka ambao maji yenyewe hayakuonekana tena. Niliisoma nikiwa nimesimama: nimeajiriwa kazi ya kudumu, mlinzi wa mashua.

"Katibu, mimi ni fundi."

"Fundi wa nini, Odhiambo? Boti haziendi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu iliniuma. Wiki hiyo nilishona kamba mpya kwenye mashua zote sita bila kuagizwa na mtu. Nikapandisha tanga moja. Likapanda bila kugusa popote, upepo ukalijaza, na mashua ikakaa pale pale kwenye magugu. Mutua alikuwa akitazama kutoka langoni. Hakucheka.

"Imepanda poa," akasema.

Ninyi mnaoanza kazi, ushauri wangu ni mdogo. Jifunzeni vizuri hata kama jina la kazi litachelewa, kwa sababu mkono ukishajua, haunyang'anywi. Ila msidhani hilo linatosha. Mimi halikunitosha.

Siku hizi nakaa Kawangware, na karatasi yangu ya kustaafu inasema mlinzi. Jirani akisafiri, huja na ufunguo. "Mzee, si ulikuwa soja? Niangalizie nyumba." Nachukua ufunguo. Nimechoka kueleza.