Mjane Aliyepika Kwenye Msiba Wake

Modesta wa mtaa wa Pasiansi alikuwa mtu wa kunyamaza tangu utotoni, na kunyamaza kwake kulisifiwa kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Mdogo wake Dorotea alikuwa kinyume chake kabisa. Akikasirika mtaa mzima unajua, akifurahi mtaa mzima unajua. Mama yao alizoea kusema kwamba Modesta hana neno, ila huyu Dorotea ipo siku atarukwa na akili. Wazazi nao hukosea, na mama huyu alikosea vibaya.

Luhende, mume wa Modesta, alipokufa kwa kiharusi, Dorotea aligaagaa uwanjani mpaka akashikwa. Modesta alitandikiwa godoro sebuleni kama ilivyo desturi, mfiwa akae hapo, watu waje kumpa pole, asiguse hata kijiko. Alikaa kidogo tu. Akasikia kule nyuma wanabishana kuhusu unga, akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akasonga ugali wa waombolezaji kwenye msiba wa mumewe mwenyewe. Hakuna aliyemrudisha. "Mwacheni, ndivyo alivyo," walisema, tena kwa fahari. "Huyu mama ni jasiri!" Wakala, wakamsifu, wakazika, wakaenda zao.

Modesta akarudi kwenye kazi yake ya kuanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa wanaposhushia samaki, akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Ukimuuliza hali, anamshukuru Mungu. Ukimuuliza tena, anakuuliza wewe. Kisha mwili ukachoka kutunza siri. Siku moja alikuwa akigeuza dagaa kwenye chanja, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika. Alidhani anakufa. Hospitali walimpima moyo na damu, wakamwambia yuko mzima, naye akaogopa zaidi. Kama si moyo, aliwaza, basi ni kichwa. Hali ile ikajirudia, usingizi ukapotea, na Modesta akaamini kwamba anaelekea kuwa kichaa.

Akapitisha uamuzi kwa utulivu uleule uliosifiwa na wote. Alikunja nguo za binti yake Hellen, wa darasa la tatu, akazitia kwenye begi, akampigia simu Dorotea aliyekuwa akiishi Butimba. "Njoo umchukue mtoto akae kwako moja kwa moja. Usiniulize kitu."

Kumwambia Dorotea asiulize! Alifika huku bado anahema.

"Shikamoo dada. Begi la nini?"

"Marahaba. Kaa naye tu. Mimi nachanganyikiwa, sitaki mtoto anione."

Dorotea alilisukuma begi pembeni kwa mguu. "Kesho tunarudi hospitali. Safari hii tunamuona mtu wa afya ya akili."

"Mimi si kichaa."

"Sasa hivi umesema wewe ni kichaa. Chagua moja, dada."

Modesta alikaribia kucheka.

Mshauri waliyempata aliitwa Revocatus, kijana mpole asiye na haraka. "Mama, jambo likikuzidi huwa unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Likizidi zaidi?"

"Naongeza kazi."

"Huyu," Dorotea akadakia, "hata siku anazaliwa nadhani alimwomba mkunga samahani kwa usumbufu."

Revocatus alicheka, kisha akawaeleza taratibu. Upole wa Modesta haukuwa ugonjwa, wala makelele ya Dorotea hayakuwa dawa. Wapo wapole wengi wenye afya njema, na wasemaji wengi wanaoumwa. Tatizo ni kwamba Modesta alijua njia moja tu ya kubeba mambo, nayo ni kuyafunika kwa kazi. Kwa matatizo madogo ilimtosha. Kwa kifo cha Luhende haikutosha, na sasa alikuwa na hofu iliyopitiliza, ambayo inatibika. Angerudi hapo kila wiki. "Na wewe," akamgeukia Dorotea, "usimlazimishe kulia. Kaa naye tu."

Jumapili Dorotea akatandika godoro sebuleni, wakati matanga yalishaanuliwa zamani, akawaita wanawake wa mwaloni. Walishangaa, lakini walikaa. Wakasimulia habari za Luhende, alivyoimba vibaya kanisani bila aibu, alivyowaogopa mabata. Kila Modesta alipotaka kuinuka akaongeze maji kwenye birika, Dorotea alimvuta kanga. "Kaa." Naye akakaa. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka taratibu, hakuyafuta, na katikati ya machozi yale alijisikia mwenye bahati kubwa kuwa na watu hawa. Alishukuru zaidi kwa mdogo wake, ambaye miaka yote alikuwa akimwonea aibu mbele za watu.

Wageni walipoondoka, Dorotea akalichukua begi la Hellen, maana hivyo ndivyo alivyoagizwa. Modesta alimtazama mtoto aliyesimama mlangoni na viatu vyake vya shule mkononi.

"Mdogo wangu," alisema, "usimpeleke. Wewe ndiye ubaki hapa na sisi. Nakuomba. Nimechoka kuwa jasiri."

Katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu kitu. Dorotea akaangua kilio cha kusikika mpaka barabarani. Hellen akaweka viatu chini, akafungua begi, akaanza kurudisha nguo zake kabatini.