Wasike na Paa la Mama Mkwe

Kwa miaka karibu kumi, mtu wa Migosi akitaka kuezekewa nyumba kwa mabati aliambiwa amtafute Wasike. Alikuwa Mbukusu aliyekuja Kisumu kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke wa Kijaluo, Seline, kutoka upande wa Luanda Kotieno, kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa safi, na maringo pia alikuwa nayo, tusidanganyane. Akimaliza nyumba alitembea juu ya paa kutoka pembe hadi pembe, akikagua msumari mmoja mmoja huku akipiga mluzi, na mwenye nyumba yuko chini roho mkononi.

Mwaka 1987 akaanguka. Ilikuwa Sondu, kwenye paa la duka. Alikanyaga ubao uliokuwa umeliwa na mchwa kwa ndani, na kufumba na kufumbua yuko chini. Alivunjika mbavu mbili, zikaunga. Lakini kitu kingine hakikuunga. Tangu siku hiyo, akifika hatua ya tatu ya ngazi magoti yalianza kutetemeka, jasho likamtoka, macho yakaona kiwi. Sasa niambie wewe: fundi wa paa anayeogopa paa, atamwambia nani? Hakumwambia hata Seline. Alimwajiri Enos, mwanamume mwepesi wa kupanda, yeye akabaki chini kupima na kukata mbao. Visingizio havikuisha: leo mgongo unauma, kesho kiatu kinateleza. Watu walimwamini, na kila walipomwamini aliona haya.

Ndipo mwaka 1989 Seline akachoka kungoja.

"Baba Simiyu," akamwambia mumewe, "unawaezekea watu wote wa Migosi, na nyumba ya mama nyasi zimeoza. Mchwa wako hadi kwenye nguzo. Hiyo si aibu?"

Angekataaje? Alinunua mabati na mbao, akaenda na Enos. Na kazi ya chini, kusema haki, aliifanya kwa moyo. Aling'oa nguzo zilizoliwa, akaweka mpya alizozipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasirudi. Akachimba mtaro kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yasile ukuta. Mama Dorca, mama mkwe wake, alikuwa akimtazama kwa mbali kutoka jikoni, kama adabu inavyotaka, akimshukuru Mungu.

Halafu ikafika zamu ya paa. Gordon, kaka yake Seline, akaleta ngazi akaiegemeza ukutani.

"Haya shemeji, tuonyeshe mambo ya mjini!"

Wasike akaitazama ile ngazi. Na hapo hapo, sijui lilitoka wapi, neno likamjia.

"Mimi? Nipande juu ya chumba cha mama mkwe? Shemeji, unataka kuniletea laana?"

Loo! Wakwe walivyofurahi! Kweli kule, kama kwao Bungoma, mkwe haingii chumba cha mama mkwe wala hampi mkono, na kupanda paa lililo juu ya kitanda chake ni mwiko mkubwa. Lakini nani alitegemea mtu wa Migosi akumbuke hayo? Wazee waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Huyu, wakasema, ni mkwe mwenye heshima. Akachinjiwa jogoo. Alimla huku ameinamia sahani, maana alijua heshima haikuwa na kazi pale. Alikuwa mwoga tu, basi.

Enos akapanda peke yake. Upande wa mbele alipigilia vizuri, lakini upande wa ziwani, ambako hakuna aliyemwona, alikuwa na haraka ya basi. Bati lina migongo na mabonde, na msumari hupigwa mgongoni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Enos akapiga bondeni, ambako nyundo inafika upesi. Wasike wa zamani angepanda kukagua, angeona kabla hajapiga hatua mbili. Wasike huyu aliuliza kutoka chini, "Huko sawa?" Akajibiwa, "Sawa kabisa." Wakaondoka.

Kwa karibu miaka miwili, kila Seline alipotoka kwao Wasike alimuuliza, "Nyumba ya mama iko aje?" Na kila mara jibu lilikuwa lile lile: mama anasema ni nzuri, anashukuru.

Aprili 1991 upepo wa mvua ukatoka ziwani ukang'oa mabati mawili upande ule. Wakatumiwa habari. Enos alikuwa ameshahamia Nairobi, lakini Wasike hakuhangaika sana: Gordon angepanda, na mwiko ungebaki mwiko.

Walipofika walikuta kitanda cha Mama Dorca kiko uani, na wazee watatu wameketi kivulini. Gordon akaja mbio, meno yote nje.

"Shemeji, mambo yako sawa! Baba alikuja kutoka kazini aliposikia habari ya paa, tukakaa na wazee. Wamesema kitanda kikitolewa, mama akihamia jikoni, na kuku akichinjwa, unaweza kupanda. Kuku tumeshamchinja! Safari hii fundi mwenyewe aguse paa, si kibarua."

Ngazi ilikuwa tayari imeegemezwa. Seline alikuwa akitabasamu kwa fahari, maskini.

Wasike akapanda hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaikumbatia ngazi, paji la uso likagusa ukuta, akashindwa kwenda juu zaidi.

"Shemeji, ngazi ni imara," Gordon akasema.

Wasike akateremka. Aliketi chini pale pale, kwenye matope.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini? Wazee wameshakubali."

"Naogopa kupanda. Tangu nilipoanguka Sondu. Nyuma ya ule mwiko nilikuwa nimejificha tu."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akatazama pembeni. Seline alikuwa hamwangalii tena mumewe, alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake.

"Yaani siku ile tulipokusifu..." Gordon akaanza.

"Mlinisifu bure."

Gordon akachukua nyundo, akapanda mwenyewe, na haukupita muda akaita kutoka juu. "Shemeji, huku misumari yote iko bondeni! Ndivyo inavyotakiwa?"

"Sivyo," Wasike akajibu. "Ing'oe yote. Piga mgongoni."

Ndipo akakiangalia kile kitanda uani vizuri. Godoro lilikuwa na ukungu mweusi upande mzima, na alama za kutu, juu ya alama nyingine za kutu. Hayo hayakuwa maji ya juzi. Akainuka, akaenda hadi karibu na mlango wa jikoni, akasimama hatua chache kutoka alipoketi mama mkwe, macho chini.

"Mama, hii nyumba ilianza kuvuja lini?"

Mama Dorca alikuwa akipepeta mtama. Hakuacha kazi.

"Mvua ya kwanza."

"Ile ya mwaka juzi? Na hukumwambia hata Seline?"

"Ningesemaje, Baba Simiyu? Watu wote hapa wanasema mkwe wangu ana heshima kuliko wakwe wao. Nikitoka kusema paa lake linavuja, si nitakuaibisha?" Akapuliza makapi. "Pale nyuma ya mlango hapavuji. Mvua ikija naweka kiti pale, nalala kwa kiti."

"Misimu yote hiyo?"

"Yote. Nikadhani umeshindwa kukagua kwa sababu ya kuniheshimu mimi, nikavumilia." Akaweka ungo chini. "Kumbe ulikuwa unaogopa tu. Si ungesema, baba? Gordon angepanda."

Gordon akaita kutoka juu anataka misumari. Wasike akaokota kopo la misumari, akalipeleka hadi penye ngazi, akalinyanyua juu kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe zake wote.