Musicien Idem wa Soko ya Mangobo

Naanza na aibu, juu nikiiacha mwishoni nitaikimbia: wakati wa vita, miezi mingi, niliamini kama Idem ni musicien. Musicien mukubwa, hata. Nilimupenda bila kusikia sauti yake.

Pale soko ya Mangobo, mu muji yetu ya kando ya mto, papa mumoja muuzaji wa kaseti alikuwa anaandika hit-parade ya Kinshasa juu ya carton: nyimbo kumi, upande moja jina ya wimbo, upande ingine jina ya muimbaji. Mto ilifungwa, mashua za Kinshasa hazikupanda tena, donc nyimbo zilitufikia kwa kuzunguka, zimechelewa miezi. Haizuru. Nani anaamuru muji, hatukujua tena. Namba moja, tulimujua. Na zilikuwa nyimbo, wee! Sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, ikianza, mama muuza pondu, majani ya muhogo, aliweka kisu chini, akacheza kwanza, kisha akakata. Leo nasikiliza za sasa, miguu yangu inakaa tu sawa wageni.

Na Idem hakutokaka kwa ile carton. Bengine banapanda, banashuka. Yeye kila juma iko ndani, mara namba tano, mara namba nane.

Bon, papa akatafuta mutu wa kusomea batu hit-parade kila samedi, jumamosi ya soko, na mégaphone. Tuliomba wawili: mimi, mwenye niliacha shule mwaka wa pili ya secondaire, na kijana mumoja mwenye diplôme. Papa akasema kila mutu asome samedi moja, kisha atachagua. Mwenye diplôme alisoma wa kwanza, bila kosa hata moja. Na mimi nilitaka ile kazi kupita chakula.

Samedi yangu, nikapanda juu ya kesi ya bia.

"Namba nane, Idem! Namba saba, tena Idem! Batu ya Mangobo, nyimbo mbili mu hit-parade moja! Tumupigie mikono!"

Bamoja bakapiga kweli. Mama wa pondu akauliza: "Ule Idem ni wa quartier gani?"

"Ni wa Kinshasa, mama. Lakini nasikia baba yake ni mutu wa huku kwetu."

Hapo mwenye diplôme akapiga kelele: "Zoba, mujinga we! Idem si jina ya mutu! Maana yake ni muimbaji ule ule mwenye ameandikwa juu yake kwa carton!"

Soko yote ikaanguka na kicheko. Hata mwanajeshi mumoja mwenye alikuwa anapita akashika tumbo. Nikashuka, nikakimbia, namba moja sikuisoma.

Nilijificha nyumba siku mbili, mpaka lundi. Rafiki yangu wa toleka, mwenye anabeba batu kwa baiskeli, akafika, akaegemeza velo yake kwa ukuta.

"Papa wa kaseti ananituma. Samedi utasoma wewe."

"Na mwenye diplôme?"

"Ule anasoma muzuri, ndugu yangu. Lakini anasoma sawa communiqué ya matanga kwa radio, na matanga tuko nazo za kutosha."