Moshi wa Makumbi Katika Video Yangu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba yule kijana wa suti nyeupe anayeonekana kwenye ile kanda akimwagiwa maji ya samaki si miye, ni binamu yangu wa Lamu tunayefanana naye sana, lakini binamu mwenyewe keshachoka kusingiziwa na ameniambia nisipokiri mimi atasema yeye, basi sikizeni: ni miye, Saidi, na aibu ile ni yangu peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Mchana nauza leso katika duka moja la Biashara Street, jioni naimba na kikundi chetu cha taarabu, na sauti nilikuwa nayo (hilo hata wasionipenda hawakatai), ila kilichonitia wazimu ni video. Tulipokuwa wadogo, mwimbaji kwenye televisheni alisimama wima mbele ya pazia, mikono ubavuni, kama aliyeitwa kituoni kuandikisha maelezo, nyuma yake wapiga fidla wameketi safu moja wamenuna, na pembeni chupa ya maua ya plastiki, huo ndio urembo wote. Halafu zikaja kanda za kukodi kutoka nje, tukaona waimbaji wanapeperushwa nywele na upepo usiojulikana watoka wapi, wanatokea ndani ya moshi kama majini, mara wako jangwani, mara wako juu ya gari, nguo zishabadilishwa mara saba na wimbo haujafika nusu. Nikasema, na mimi nataka moshi.

Rafiki yangu Feisal alikuwa mpiga video za harusi, ana kamera kubwa ya kubeba begani kama gunia la unga. Tukapatana tupige Jumapili alasiri nyumbani kwa shangazi yangu Bi Zuhura, Mji wa Kale, katika ukumbi wa chini wenye dirisha la kuelekea njiani, maana shangazi alikuwa aenda maulidi ya kina mama Bondeni. Kabla ya kutoka alituambia jambo moja tu.

"Ubani mwaweza kufukiza. Zaidi ya ubani, msiniwashie kitu nyumbani mwangu."

Tukafukiza ubani. Harufu ilikuwa nzuri, lakini Feisal alitazama ndani ya kamera akatikisa kichwa. "Saidi, hapa waonekana kama uloingia kusoma hitima. Moshi hauonekani."

Sasa uani kwa shangazi palikuwa na makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi ambayo yeye huwashia moto, na mimi nikasema tuchukue mawili tu. Mawili yakawa manne, manne yakawa karai zima juu ya makaa, kisha nikayanyunyizia maji ili yasishike moto (asiyejua na ajue: kumbi likitiwa maji halitoi moshi, latoa ghadhabu). Nikawasha feni ili nywele zangu zipepee, nikatia komeo mlangoni tusisumbuliwe, redio ya kaseti tukaipandisha mpaka mwisho, nikasimama katikati ya moshi na suti yangu nyeupe, poda usoni, wanja machoni, nikaanza kuimba.

Tatizo ni kwamba ile feni haikupepea nywele hata unywele mmoja. Ilichofanya ni kuusukuma moshi wote dirishani, ukatoka njiani mweupe, mzito, kama meli inaondoka. Na tatizo la pili ni wimbo wenyewe, ambao niliutunga kwa jasho langu na kiitikio chake kilikuwa hiki:

"Nateketea, jamani, nateketea! Mwanizunguka, mbona hamnizimi?"

Wapita njia wakasikia, wakatazama dirishani, wakaona moshi. Wenyewe hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Mkumbuke kwamba upande wa pili wa njia ndiko ilikokuwa karakana ya Mzee Abubakari, seremala, mtu wa heshima zake asiyependa upuuzi, na wiki moja kabla wazee wetu walikuwa wamepeleka posa kwake kuniombea binti yake, Maryamu, na jawabu tulikuwa bado hatujapewa. Mzee akatoka na shoka. Mimi ndani sikusikia mlango ukigongwa, wala sikusikia nikiitwa, niliona tu ule mlango wa shangazi, wa mvule, uliokaa hapo tangu enzi za babu yake, unapasuka karibu na komeo, na watu wanamiminika ndani huku wakikohoa.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Bi Khadija, jirani, aliyekuwa akiparua samaki, changu, barazani kwake. Maji ya samaki yalikuwa mikononi mwake, na mimi nilikuwa nimenyoosha mikono juu nikisema nateketea, basi akanimwagia beseni zima. Magamba yakaganda kwenye suti, kichwani, kwenye kope zilizopakwa wanja. Na Feisal, Mungu amsamehe, kamera iko begani bado, akapiga kelele, "Usitoke hapo! Yameta vizuri hayo!"

Redio ikazimwa. Mzee Abubakari akaliangalia karai, akaniangalia mimi.

"Moto uko wapi, mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Hakuna moto. Ni video."

"Na aliyekuwa akiteketea ni nani?"

"Ni miye, mzee. Kwa... kwa mapenzi."

"Mapenzi ya nani?"

Hapo mtu mwenye akili angetaja mtu wa kubuni, au angezirai. Mimi nikasema, "Ya Maryamu," mbele ya watu wasiopungua thelathini, jina la binti wa watu, huku nanuka changu. Bi Khadija akafunika uso kwa leso, sijui ni haya au ni kicheko.

Mzee akasema, "Kesho ukitoka kazini uje karakanani," akaondoka. Shangazi alivyorudi alisema nini, hayo nayahifadhi.

Nikaenda nikijua naenda kukataliwa. Badala yake alinipa msasa. Mwezi mzima, kila jioni, nilisugua ule mlango akiuunga, na la posa hakulitaja, hata siku tulipoupachika mahali pake ndipo akasema, "Nilitaka kukukataa. Lakini siku ile ungeweza kusema uongo na ulikuwa na kila sababu. Hukusema." Maryamu naye alikubali kwa sharti moja, kwamba kwenye harusi yetu asionekane mtu na kamera ya video. Hakuonekana. Kwa hiyo wanangu wakitaka kuona baba yao alivyokuwa kijana, iliyopo ni kanda ya Feisal tu, ambayo ilizunguka kutoka Bondeni mpaka Mwembe Tayari, watu wakiirudisha nyuma waone beseni linavyokuja.

Juzi binti yangu mdogo amenionyesha kwenye simu yake jinsi video zinavyopigwa siku hizi, moshi watiwa na kompyuta na hakuna anayekohoa, akaniuliza, "Baba, tukupige wimbo mmoja?" Nikamwambia hapana mwanangu, mimi hata nikienda kupigwa picha ya kitambulisho hupita kwanza kwa majirani nikawaarifu, na mbele ya kamera mdomo siufungui.