Namba Alizosoma Mpangaji wa Kalaba

Kalaba Gérard hakuwahi kuiamini mizani kwa kuitazama tu. Alikuwa fundi wa mizani kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza Likasi, kisha Lubumbashi katika komini, yaani mtaa, uitwao Kenya, na kila mizani aliyoletewa aliitendea namna moja. Alisikiliza maneno ya mwenyewe mpaka mwisho, akaitika kwa kichwa, halafu akafungua kisanduku chake cha mawe ya chuma na kuweka jiwe la kilo tano juu ya sahani. Alikuwa mtu wa haya, asiyependa kubishana, na jiwe lilibisha kwa niaba yake.

Mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, mwezi wa pili, Mama Kyakimwa alikuja kumwomba chumba cha nyuma. Mama huyu aliuza maharagwe kwa jumla, na mizani zake zote zilipita mikononi mwa Kalaba. Alikitaka kwa ajili ya mtoto wa dada yake, Kasereka Vital, mtu wa miaka thelathini na mitano, aliyekimbia vita akizunguka Uganda, Tanzania na Zambia mpaka akaingilia mpakani Kasumbalesa na mfuko mmoja begani. Kalaba alikubali kwa kuwa alishindwa kukataa. Akaanza kumshuku siku ile ile.

Asubuhi Vital aliandika hesabu ya magunia dukani kwa mama yake mdogo. Mchana, umeme ukirudi, aliketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyopewa pale dukani, akaandikiana na watu. Kalaba aliuliza ni watu gani, naye hakuficha. Alieleza kwamba kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa katika lugha maalumu, na kwamba yeye na wenzake wa nchi nyingi walikuwa watunzaji wa lugha moja ya namna hiyo. Sehemu yake ilikuwa hesabu ya saa na tarehe. Programu ikidhani saa ya Kinshasa ndiyo saa ya Lubumbashi, malalamiko yalifika kwake.

"Hii lugha haina mwenyewe, papa," alisema. "Muntu akiona kosa, anaandika. Mwingine analeta dawa ya ile kosa. Bengine banaisoma, banabisha, mashini inajaribu. Kama iko muzuri, njo inaingia."

"Na banakulipaka?"

"Apana, papa."

Jibu hilo halikumridhisha Kalaba. Alimweleza mkewe, Olive, kwamba mtu anayekimbia vita, anayefika bila viatu vya pili, hawezi kutumika bure kwa watu asiojua hata sura zao. Lazima kuna kitu nyuma.

"Na weye unatengenezaka mizani ya kanisa bure," Olive alisema huku akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Kanisa najua iko wapi."

Siku hizo mji mzima ulikuwa ukitazamana kwa jicho la pembeni. Ilisemekana waasi walikuwa wametuma watu wao mbele, wamejificha kati ya wakimbizi. Ndipo Guelor, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa barabara yao, akapita nyumba kwa nyumba na karatasi. Kila mwenye nyumba aliyepokea mgeni kutoka mashariki aandike jina lake, na chini ajibu swali moja: je, unamjibia, yaani unamdhamini? Karatasi zingekusanywa Jumamosi. Mgeni asiye na wa kumjibia angechukuliwa kuhojiwa, na Guelor mwenyewe hakuweza kusema angehojiwa wapi, wala angerudi lini.

Kalaba aliiweka ile karatasi ndani ya kisanduku cha mawe. Kisanduku hicho kilikuwa cha fundi Jeannot, mtu wa Kasai aliyemfundisha kazi kule Likasi. Mwaka 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa katika mkoa huu, kundi la watu lilifika karakana likamwuliza Kalaba kama anamjua huyu na kama ni mtu mzuri. Kalaba alitazama chini. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jeannot alienda kulala stesheni pamoja na maelfu ya wengine akingoja treni, na kisanduku kikabaki mezani. Kalaba hakuwahi kulisimulia jambo hilo hata kwa Olive.

Alhamisi alimkuta Vital ameketi, kompyuta imefungwa. Akauliza, na jibu likamwongezea wasiwasi. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imebaki Goma, katika nyumba iliyoporwa, na ndani yake mlikuwa na ufunguo wa siri, mfululizo mrefu wa herufi na namba aliotumia kutia sahihi kazi zake. Sasa aliwaandikia wenzake kwa kompyuta nyingine na ufunguo mpya, akisema ni yeye Vital, nao wakamfungia mlango, kazi zake zisiingie. Walisema mwizi yeyote aliyeokota ile kompyuta angesema maneno hayo hayo.

"Umekasirika?" Kalaba aliuliza.

"Apana. Mimi pia ningebakatalia." Vital alikuna shingo. "Kuna kazi ingine ya namna hii, muntu mumoja alisaidia miaka mingi, mupole kabisa, bote banamupenda. Kumbe alikuwa nangojea siku ya kutia sumu mu ile programu."

Kalaba alirudi kwenye benchi lake akiyachekecha maneno hayo. Kumbe watu wa namna hiyo walikuwapo katika kazi hiyo, na mpangaji wake aliwajua hata upole wao.

Ijumaa mchana alifika mwanamke mgeni, Mwape, mwalimu wa shule huko Kitwe, naye mmoja wa wale watunzaji wa lugha. Hakucheka, na kiti alikikataa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaomba kadi ya mpiga kura ya Vital, akaitazama mbele na nyuma, akamtazama Vital usoni kwa muda mrefu. Walisemezana kwa Kiingereza. Kalaba, aliyekuwa akipiga tupa chini ya dirisha, hakuielewa lugha hiyo isipokuwa namba na herufi, alizojifunza kwa madereva wa Kasumbalesa. Akazisikia. Vital alisoma namba na herufi zilizochanganyika, kwa mafungu ya nne nne, na yule mwanamke, karatasi yake ameifunika kwa kiganja ili Vital asiione, aliweka alama kwa kalamu. Katikati ya usomaji huo Kalaba hakusikia jina la mtu wala la mahali. Zilikuwa namba na herufi tupu.

Kalaba aliweka tupa chini. Alitoka kwa mlango wa uani, akaenda kwa Guelor akamwambia alichosikia, kwa maneno machache, macho chini.

Guelor alikuja na wanaume wawili. "Papa Kalaba anasema muko nasoma namba za siri," alisema, na Vital akageuka kumtazama mwenye nyumba wake.

Mwape hakujua Kiswahili, na Guelor hakujua Kibemba wala Kiingereza. Vital, aliyeshukiwa, hakuaminiwa kutafsiri; mwingine pale aliyejua Kibemba, lugha ya kwao Mwape, alikuwa Kalaba. Ikabidi asimame katikati na kutafsiri, yeye ambaye hata kanisani hakuwahi kusoma tangazo.

Mwape alisema namba zile hazikuwa siri, na kama shefu anataka azibandike ukutani mwa kanisa. Zilikuwa alama ya kutambulisha ufunguo mpya wa Vital, naye alizilinganisha na zile wenzao walizopokea. Siri ilibaki ndani ya kompyuta yake, na hata yeye Mwape hakuruhusiwa kuiona. Wenzao walimtuma kwa sababu ni yeye peke yake, katika nchi za karibu, aliyewahi kumwona Vital kwa macho, katika mkutano wa Lusaka.

"Nimemwuliza kitu nilichomwazima Lusaka, ambacho hakikuandikwa popote," alisema. "Amejibu ni mwavuli, na kwamba hakuurudisha. Ni kweli, hajaurudisha."

Mmoja wa wale wanaume alicheka. Guelor hakucheka. Alimwambia Kalaba amwulize huyo mama kama Vital ni mtu mzuri.

"Hilo silijui," Mwape alijibu. "Najua kwamba huyu ndiye niliyemwona, na kwamba namba hizi ni zake. Zaidi ya hapo sisemi. Kazi yake itasomwa na watu kila mara, kama yangu inavyosomwa."

Kalaba alitafsiri neno kwa neno. Alipomaliza, Guelor alinyoosha mkono, akadai karatasi leo leo, bila kungoja Jumamosi. Kalaba aliitoa ndani ya kisanduku. Aliishika kidogo. Mizani ngapi alizipiga muhuri bila kumjua mwenyewe moyoni? Muhuri haukusema mwenye duka ni mwaminifu. Ulisema siku hiyo, kwa jiwe hili, sahani ilisimama sawa.

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa za shule ya msingi: Anaitwa Kasereka Vital. Namuona kila siku tangu tarehe kumi na mbili. Analala kwangu. Anatumika kwa Mama Kyakimwa. Mwenye kumutafuta aanze kwangu.

Guelor alisoma mara mbili. "Papa Kalaba, karatasi inaomba ndiyo ao apana."

"Ile njo jibu yangu."

Guelor alimtazama, akaikunja karatasi, akaondoka nayo na wanaume wake. Hakuna aliyechukuliwa.

Kalaba alifunga kisanduku. "Hata mimi ningeenda kwa shefu," Vital alisema, "lakini ningeuliza kwanza."

Jumapili, baada ya kanisa, Vital alileta habari. Wenzake walikuwa wamekubali ushahidi wa Mwape, wakafungua mlango nusu. Kwa miezi sita kila sahihisho lake lingepitiwa na watu wawili, badala ya mmoja, kabla ya kuingia.

"Na mimi vile," Kalaba alisema. "Kila siku ya posho utaikala hapa, utaniambia kwenye ulipita."

Jumamosi iliyofuata, siku ya posho ya kwanza, Vital aliketi kwenye benchi, akasimulia wiki yake yote. Kalaba alimsikiliza mpaka mwisho, akaitika kwa kichwa. Halafu akavaa kofia, akaenda dukani kwa Mama Kyakimwa kuuliza kama ni kweli.