Aliyebeba Mimba na Waliomngoja Mtoto

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya tafsiri mtaani Al-Murabba, Riyadh, mudiri wetu, yaani meneja, mzee wa Kisudani, alinionya kabla hajanipa kiti. "Binti, hapa hatupambi maneno. Mtu akiapa kwa hasira, mwandike na hasira yake. Yalla, kaa."

Nilitoka Mombasa na Kiarabu cha madrasa. Miaka ikapita katika talaka, wasia na viapo, yaani maelezo ambayo mtu huyatoa kwa kuapa, hadi nikahamishiwa Jeddah. Mkuu wa tawi alikuwa mama wa Kihijazi tuliyemwita Ustadha. Hapo ndipo alipokuja Mwende.

Mwende alikuwa muuguzi. Mumewe, Kioko, alikuwa dereva wa familia moja mtaani Aziziya. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea Mwende kizazi. Walipokwenda likizo, madaktari wa Nairobi walichukua yai lake na mbegu ya Kioko, na mdogo wake Mwende, Syombua, akakubali kuwabebea mimba. Wakaandikiana mkataba kwa wakili. Mtoto wa kike alipozaliwa, Mwende na Kioko wakiwa wamerudi kazini Jeddah, hospitali ilimwandika Syombua kuwa mama, kwani kwetu Kenya anayezaa ndiye huhesabiwa mama mpaka korti iseme vinginevyo. Kisha Syombua akaenda na mtoto kwao Machakos, akaacha kupokea simu.

Mwende alitaka ripoti ya Kiarabu ya upasuaji uliomwondoa kizazi itafsiriwe kwa ajili ya korti ya Nairobi. Nikaenda kumuuliza Ustadha, nikiwa na wasiwasi.

"Jambo hilo la kubebewa mimba huku haliruhusiwi," alisema. Akamtazama Mwende kupitia kioo cha mlango. "Lakini ripoti ya mgonjwa ni ripoti ya mgonjwa. Tafsiri. Na umpe chai."

Mwende alikuwa bado anainywa Syombua alipopiga simu hatimaye, naye akaiweka kwenye spika.

"Haki yangu iko wapi?" Mwende akafoka. "Ni damu yangu!"

"Dada, sijakataa. Lakini akilia, maziwa yanatoka yenyewe. Wewe kila siku ni korti, korti. Hata hujaniuliza kama kidonda cha kupasuliwa nilipojifungua kimepona."

Mwende akakiweka kikombe mezani. "Kimepona?"

"Bado."

Mwende aliomba kuacha kazi. Kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, hakumzungusha: "Halas, imetosha, nenda kwa mtoto wako." Akaenda Machakos, akamkanda mdogo wake kwa maji moto, akampikia uji, wakalala chumba kimoja na mtoto katikati. Kesi iliposikizwa Nairobi, jaji alimuuliza Syombua msimamo wake, naye akajibu akilia, "Nilimbebea dada yangu. Mtoto ni wao." Korti ikaamuru Mwende na Kioko waandikwe wazazi. Kioko, aliyebaki Jeddah, aliisikia hukumu kwa simu, akiwa kwenye gari nje ya shule, akiwasubiri watoto wa bosi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa tafsiri huniuliza kuhusu haki za wazazi wa namna hii. Nawaambia: muone wakili kabla ya mimba, wala msidhani mkataba pekee unatosha. Halafu nawaambia kwamba mwanamke aliyebeba naye ana mwili, na mwili hauachi kuuma kwa kuwa korti imekata shauri.

Juzi Kioko, aliyekuja Kenya kwa likizo, alinipigia. Binti yake, asiyemzoea, alikuwa amemkimbia, akajificha nyuma ya Syombua.

"Pole, baba," nilimwambia.

Akacheka kidogo. "Bi Zuhura, korti ilishasema mimi ni baba yake. Sasa nangoja yeye naye aseme."