Borne ya Ofisi ya Mkurugenzi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Ilikuwa katika chumba cha mawasiliano cha stesheni ya reli, hapa Kamina, na mkuu wa sehemu, mzee aliyefunga tai hata kwenye joto la Oktoba, alinionyesha kiti. "Weye, weka mikono mu mufuko," alisema. "Kwanza sikiliza namna bantu banasema." Nikakaa nikisikiliza phonie, yaani redio tuliyoitumia kuzungumza na stesheni za njiani. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo kunyamaza mbele ya chef nilikujua tangu nyumbani.

Phonie ilinifundisha jambo moja. Wote mnatumia njia moja ya hewani, hivyo mmoja husema, huachia, ndipo mwingine hujibu. Wakisema wawili pamoja hakuna anayesikika, unabaki na mluzi masikioni. Ninyi mnaotembea na simu mfukoni mnadhani mambo hayo yamekwisha. Hayajaisha, yamejificha tu ndani ya kifaa.

Baadaye nilipelekwa stesheni ya Kabondo-Dianda, ambako wezi walinitesa kuliko radi. Nilivuta nyaya za antena kati ya nguzo, nikazika vyuma vya shaba pamoja na makaa na chumvi ili radi ipate pa kushukia ardhini. Wezi wakavichimbua. Nikazika vingine, wakavichimbua tena. Mkuu wangu wa huko alikuwa na jibu moja kwa kila ombi: "Tutaangalia." Nilichoka ningali kijana, na sioni haya kusema hivyo. Treni zilipopungua, phonie zikazimwa, nami nikarudi mjini na kuchukuliwa na hospitali moja kuwa fundi wa mitambo. Huko wakanipa jina la Papa Télécom.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu, wafadhili walituletea vifaa vya Wi-Fi. Kulikuwa na borne, visahani vyeupe vinavyofungwa darini na kugawa réseau, yaani mtandao, kwa simu na kompyuta zilizo karibu. Kulikuwa pia na antena mbili za nje, za kutazamana, ambazo huvusha mtandao kutoka jengo moja hadi jingine bila waya, mradi pasiwe na mti wala tangi la maji katikati. Nia ilikuwa wauguzi na madaktari waweze kuitana popote walipo. Waliohitaji zaidi ni wa maternité, wodi ya wazazi. Iko mwisho wa kiwanja, bondeni, ina kuta nene za matofali ya zamani, na simu ya kawaida haishiki mle ndani.

Nilizunguka kiwanja chote nikipima, kisha nikaenda kwa msimamizi wa hospitali, yule tunayemwita AG, kumweleza mpango wangu. Alikwisha kuwa na wake.

"Ya kwanza, bureau ya Directeur," alisema. "Ya pili, yangu. Kisha chef wa nursing, comptable, secrétariat."

"Chef, hizo zote ziko mu nyumba moja. Borne moja pa secrétariat inatosha bantu bote."

Akavua miwani. "Unataka Directeur aombe réseau kwa secrétaire?"

Ndivyo tulivyo. Kila mwenye ofisi anataka borne yake, na taa yake ya kijani juu ya kichwa chake. Mgeni akiingia huitazama taa, kisha humtazama mwenye ofisi kwa heshima zaidi. Nilikuwa nimeshabishana na wakuu wengi reli nzima na sikumbuki nilipowahi kushinda, basi nikachukua ngazi.

Nilizifunga kwa cheo, moja baada ya nyingine. Antena mbili zilibaki stoo kwa sababu hazikuwa na chef. Borne zile, zilivyobanana, zikaanza kusema zote kwa pamoja kama watu wasio na adabu kwenye phonie, na mtandao ukachechemea. Kila mkuu akamlaumu jirani yake. Radi ya mvua za kwanza ikaiua ya comptable, yule mhasibu, lakini taa yake iliendelea kuwaka. Nilimfungia ile ya akiba, nikaiweka iliyokufa kwenye sanduku langu, maana mtu wa reli hatupi kitu.

Alasiri moja ya mvua kubwa Mama Sophie, mkunga mkuu, aliingia karakana yangu, nguo zimemganda mwilini. Mama mmoja alikuwa amejifungua na damu haikukoma. Mama Sophie alikuwa amekimbia kiwanja kizima kumtafuta daktari, akamkuta, na mgonjwa akaokolewa kwa shida.

"Papa, minyi nilimwacha na mwenye kufagia," aliniambia. "Yeye peke yake njo alikuwa pale. Nikimbie, mama abaki na nani? Nisikimbie, nani atakuya?"

Nilimsogezea kiti changu. Alikaa, maji yakimchuruzika. Niliona uchungu, na zaidi ya uchungu niliona nimechoka kabisa kuhesabu vyeo vya watu.

Mkurugenzi alikuwa safarini Lubumbashi. Ofisi yake na secrétariat zimetengwa na ukuta wa mbao tu, na mbao hazizuii mawimbi ya borne ya secrétariat. Niliteremsha borne yake iliyokuwa nzima, nikapandisha mahali pake ile iliyokufa ya comptable, nikaunganisha umeme, taa ikawaka kijani. Nikatoa zile antena stoo, moja nikaifunga kwenye paa la utawala, nyingine kwenye paa la maternité, nikazigeuza polepole hadi zikatazamana, kisha borne ya Mkurugenzi nikaifunga darini mwa wodi. Jioni Mama Sophie alimpigia daktari akiwa amesimama kando ya kitanda. Alipomaliza aliirudisha simu mfukoni na kuendelea na kazi.

Mkurugenzi alirudi, akakaa chini ya taa yake. AG aliniita kunipongeza: "Sasa réseau ya Directeur iko muzuri." Na kweli ilikuwa nzuri, kwa sababu kelele zilikuwa zimepungua.

Siku ya kuniaga kazini, baada ya soda na hotuba, Mkurugenzi alinivuta ofisini mwake na kuelekeza kidole darini.

"Papa, ile haikamate kintu."

Nikaitazama ile taa ya kijani.

"Simu yangu inaandika Secrétariat tangu nilirudia safari. Minyi nilijua."

"Na juu ya nini haukusema, Directeur?"

"Ningesema, AG angekuambia uirudishe. Acha iwake." Akanishika mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mzazi, na machozi yakanilengalenga.

Sasa niko nyumbani. Mgongo hautaki tena ngazi, na magoti yanajua mvua kabla ya mawingu. Vijana wakiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, nasema nilikuwa nafunga antena, na wanaona ni jambo dogo. Nami mara nyingi naliona dogo. Antena zenyewe hazikunichosha. Ni maneno ya chini ya ngazi, kila siku, mpaka nikawa nasinzia mezani kabla ya chakula.

Mkurugenzi yule naye amehamishwa. Wa sasa amefika juzi, na leo asubuhi Mama Sophie amenipigia akiwa maternité.

"Papa Télécom, Directeur wa mupya anasema borne yake imekufa. AG anamwambia moja muzuri iko huku kwetu." Akashusha sauti. "Bamekuya na échelle."

Ngazi ile naijua, nilitengeneza mwenyewe miguu yake. "Uwaambie bangojee," nimemjibu. "Uwaambie Papa Télécom iko mu njia."

Mke wangu ameniuliza nakwenda wapi na mgongo huu. Nilikuwa nimeinama, natafuta viatu.